Upepo wa Silinda Namba Tatu

Mwulize fundi yeyote aliyezeekea kwenye Volkswagen za mgongo wa kobe ni silinda gani hufa kwanza, naye atakujibu kabla hujamaliza swali: namba tatu. Valvu yake ya moshi huungua, shingo ikakatika, kichwa kikadondokea juu ya pistoni, na safari ikaishia hapo hapo. Silinda nyingine tatu unaweza kuzikuta zingali na maisha yake. Petroli zilikunywa ile ile, oili ile ile, na dereva alikuwa mmoja. Kilichozitenganisha ni upepo.

Injini hiyo ilichorwa katikati ya miaka ya 1930 huko Stuttgart, katika ofisi ya Ferdinand Porsche, na aliyeshika penseli alikuwa Franz Xaver Reimspiess. Silinda nne zimelazwa, mbili kulia na mbili kushoto, na hakuna rejeta wala tone la maji. Gari lilikusudiwa watu wasio na banda la kuliegesha, katika nchi ambayo maji yakilala nje usiku wa baridi huganda na kupasua chuma. Kwa hiyo kazi yote ya kupoza ilikabidhiwa feni moja iliyofungwa kwenye ncha ya shafti ya dainamo na kuzungushwa na mkanda kutoka kwenye krankishafti. Feni hiyo ikafunikwa kwa kava la bati, refu kama upinde, linaloimeza yote na kuteremka pande zote mbili hadi kwenye silinda.

Watu wengi hulitazama kava hilo wakadhani ni mfuniko tu wa kuzuia vidole. Ukweli ni kwamba bila kava hilo feni haina kazi. Upepo hupita penye wepesi: ukiuacha huru utazunguka injini kwa nje na kuondoka bila kugusa mapezi ya silinda, hasa yale ya ndani yaliyobanana karibu na kichwa ambako ndiko moto uliko. Kava huulazimisha. Ndani yake mna vibati vidogo vilivyochomelewa kwa pembe maalumu, kila kimoja kikigawa fungu la upepo: hili la silinda ya mbele, hili la nyuma. Chini, kati ya silinda na silinda, mna bati jingine linalokunjia upepo ndani ili usipite katikati kwa njia ya mkato. Na kuzunguka injini nzima mna ukanda wa mpira unaoziba mwanya kati ya bati la injini na bodi ya gari, ili hewa iliyokwisha kupashwa moto huko chini isirudi juu na kuvutwa tena na feni. Mpira huo ndio kitu cha kwanza kutupwa na fundi mwenye haraka. Kinachofuata ni vibati vya ndani: makava ya kung'aa yaliyouzwa baadaye kwa wapenda urembo, mengi hayakuwa navyo kabisa. Yalipendeza machoni na kuua injini.

Rudi kwa namba tatu. Oili nayo inahitaji kupozwa, na Reimspiess aliweka rejeta ndogo ya oili imesimama wima ndani ya kava lile lile, upande wa kushoto, juu kabisa ya silinda ya tatu. Ni wazo la mtu anayebana matumizi: feni moja, kava moja, kazi mbili. Lakini silinda iliyo nyuma ya rejeta hiyo hupokea upepo uliokwisha kupita kwenye oili ya moto. Unafika ukiwa na joto, tena umepunguzwa nguvu. Wahandisi walilijua hilo. Dawa waliyoipata haikuwa ya upepo bali ya moto: kwenye distribyuta, jino la kamu linalohusika na namba tatu lilichongwa tofauti kidogo na mengine ili cheche yake ichelewe kwa nyuzi chache. Silinda dhaifu ikapunguziwa kazi. Gari liliendelea kutoka kiwandani hivyo kwa miaka mingi mno, na ni katika injini za mwaka wa modeli 1971 ndipo Volkswagen walipoihamisha rejeta ya oili hadi kwenye kijumba chake nje ya njia kuu, wakapanua feni, na kuutolea upepo wake wa moto mlango wa peke yake.

Kwa nini wasingeongeza tu ukubwa wa feni tangu mwanzo? Hapa ndipo hesabu huuma. Lita moja ya maji hubeba joto karibu mara 3,500 ya lile linalobebwa na lita moja ya hewa, kila moja ikipanda nyuzi zile zile. Kwa hiyo anayepoza kwa hewa lazima asukume hewa nyingi ajabu, na hewa hiyo si ya bure. Ukiizungusha feni ile ile kwa kasi mara mbili, nguvu inayokula haizidi mara mbili bali mara nane. Kwa gari la kwenda sokoni, hilo unaweza kulivumilia. Kwa gari la mbio, kila nguvu ya farasi inayoliwa na feni ni nguvu ambayo haikufika kwenye matairi. Ndiyo maana katika historia ya magari ya michezo yanayopozwa kwa hewa, maboresho makubwa yalitokana zaidi na kuuongoza upepo kuliko kuuongeza. Vitabu vya historia hiyo vimejaa nguvu za farasi na majina ya madereva, na kava la feni hupata sentensi moja, likibahatika. Nadhani ni dhuluma.

Mwana wa Ferdinand, aliyeitwa Ferry, alianza kuunda magari yenye jina la familia mwaka 1948, katika kijiji cha Gmünd huko Austria, ndani ya majengo yaliyokuwa kiwanda cha mbao. Gari la kwanza la Porsche 356 lilipata usajili Juni mwaka huo. Injini yake ilikuwa ya Volkswagen, ikiwa imenolewa kidogo, na kava la feni lilikuja nayo pamoja na dhambi zake zote. Mwaka 1950 kazi ikarudi Stuttgart, mtaa wa Zuffenhausen, na kuanzia hapo nguvu zikawa zinapanda kila baada ya miaka michache: kutoka 40 hivi hadi 90 katika modeli ya Super 90 ya mwaka 1960. Zaidi ya mara mbili, chini ya upinde ule ule wa bati. Walibadilisha kabureta, vichwa, krankishafti, kila kitu. Feni iliyosimama wima na rejeta ya oili iliyokaa njiani vikabaki.

Aliyevunja mila hiyo alikuwa kijana kutoka Austria aitwaye Ernst Fuhrmann. Alikuwa ameandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu mwendo wa valvu, na mwaka 1952 alipewa kazi ya kujibu swali ambalo Ferry Porsche alikuwa akilizungusha kichwani: injini ya silinda nne za kulala inaweza kutoa nguvu kiasi gani ikiachiliwa? Fuhrmann alichora kamshafti nne, mbili kila upande, zinazozungushwa na mashafti na gia bila mnyororo hata mmoja. Injini hiyo, iliyopewa namba 547, iliunguruma kwa mara ya kwanza majira ya kuchipua ya 1953. Kutoka katika lita moja na nusu ilitoa nguvu 110, karibu mara tatu ya ile ya Gmünd. Kuiunganisha kulimchukua fundi stadi zaidi ya saa 100 za kazi, na fundi asiye stadi hakutakiwa kuisogelea.

Nguvu mara tatu ni joto linalokaribia mara tatu. Fuhrmann angeweza kuchora feni yenye kipenyo kikubwa, lakini kava lake lingepanda juu na kugonga mfuniko wa injini katika gari ambalo thamani yake yote ilikuwa ni kukaa chini. Angeweza kuizungusha kasi zaidi, na feni ingekula nguvu alizohangaikia. Alichofanya ni kuziunganisha feni mbili mgongo kwa mgongo ndani ya kava moja. Ya kwanza ilivuta hewa kutoka mbele, ya pili kutoka nyuma, zote zikimwaga katikati. Kipenyo hakikuongezeka, kimo hakikuongezeka, lakini midomo ya kunywea hewa ilikuwa miwili. Ukiitazama injini ya 547 leo, kitu cha kwanza unachokiona ni kava hilo: pana, limetuna, limekaa juu ya injini kwa kiburi kana kwamba linajua kazi yake. Na oili iliwekwa kwenye tanki lake nje ya injini, badala ya kujaa chini ya krankishafti, hivyo oili yenyewe ikawa chombo cha kubeba joto kulipeleka mbali na chuma.

Injini hiyo ilifungwa kwenye gari jepesi la 550 Spyder. Mwaka 1954 Hans Herrmann alilipeleka kwenye Mille Miglia, mbio za Italia za barabara za kawaida zenye urefu wa karibu kilomita 1,600. Mahali fulani alikuta kizuizi cha reli kikishuka na treni inakuja. Akampiga Herbert Linge aliyeketi pembeni yake kofi kwenye kofia ya chuma, wote wakainama, na gari likapita chini ya kizuizi. Ushindi wa daraja lao ukawa wao. Novemba mwaka huo Herrmann akawa wa tatu kwa jumla katika Carrera Panamericana huko Mexico, akiwaachia nafasi mbili tu za mbele magari yenye injini kubwa mara tatu. Jina Carrera, ambalo Porsche bado wanalitumia, lilitoka huko.

Mwaka ule ule wa 1954, upande wetu wa dunia, Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda mashindano ya Safari kwa Volkswagen ya mgongo wa kobe yenye kava lile la zamani, rejeta ya oili njiani na yote. Mbio hizo, zilizoanza 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika katika msimu wa mvua, na Volkswagen ilirudi kuzishinda mwaka 1957 na tena 1962. Kukosa maji ndiko kulikolibeba: hakuna rejeta ya maji ya kutobolewa na jiwe, hakuna mpira wa maji wa kupasuka katikati ya nyika. Lakini udongo mwekundu nao una namna yake. Matope yanayorushwa na matairi huingia kwenye mapezi, yakakutana na oili inayovuja taratibu kwenye mirija ya fimbo za valvu, yakakauka na kuwa kama tofali. Feni inazunguka, kava liko sawa, mkanda uko sawa, na silinda inachemka chini ya blanketi la udongo. Fundi wa huku aliyeijua kazi yake alikuwa na kijiti na brashi ya waya kwa ajili ya hilo tu.

Feni ya Fuhrmann ilikuwa kilele cha wazo la kusimamisha feni wima. Hatua iliyofuata ilikuwa kuilaza. Fikiria pangaboi la sebuleni linalosukuma hewa moja kwa moja chini, kwa watu wote waliokaa pande zote za chumba. Injini yenye silinda zilizolala kulia na kushoto inahitaji jambo hilo hilo: feni katikati, juu, ikimwaga upepo sawasawa pande mbili bila kuulazimisha kukata kona. Wamarekani wa Chevrolet walikuwa wamelaza feni kwenye Corvair, gari lao la silinda sita lililotoka mwishoni mwa 1959. Lakini waliiendesha kwa mkanda. Mkanda huo ulitoka kwenye krankishafti ukiwa wima, ukapanda, ukapinda kona juu ya magurudumu mawili madogo ili kulala pamoja na feni, kisha ukapinda tena kurudi. Mkanda unaopindwa namna hiyo hauna subira; ulikuwa ukichomoka, na mwenye Corvair mwenye akili alitembea na wa akiba.

Porsche waliiendesha ya kwao kwa gia. Katika injini ya silinda nane, aina ya 753, iliyochorwa kwa ajili ya Formula One, shafti wima ilipanda kutoka ndani ya injini na kuishia kwenye pangaboi la plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo. Dan Gurney alishinda nayo Grand Prix ya Ufaransa huko Rouen, Julai 1962. Hadi leo huo ndio ushindi pekee wa gari la Porsche katika Grand Prix ya ubingwa wa dunia, na uliletwa na injini ya hewa katika uwanja uliojaa injini za maji. Miongoni mwa waliofanya kazi katika mradi huo alikuwemo mhandisi kijana, Hans Mezger, aliyeajiriwa mwaka 1956 na kuanzia kwenye hesabu za valvu.

Mezger ndiye aliyeumba pia injini ya 911, iliyoonyeshwa Frankfurt Septemba 1963. Hapo feni ikasimama tena wima, na sababu ni ya duka la vipuri: shafti na gia za kulaza feni ni ghali, mkanda ni rahisi. Lakini haikuwa feni ile ya zamani inayorusha hewa pembeni. Ilikuwa na mapanga 11, kipenyo cha milimita 245, ikisukuma hewa mbele kama rafadha ya ndege, na katikati yake, ndani ya kitovu, walichomeka altaneta. Hewa inayotoka kwenye feni ya namna hiyo huzunguka kama maji yanayoingia shimoni, na ukiiacha hivyo upande mmoja wa injini utashiba na mwingine utabaki na njaa. Kwa hiyo nyuma ya mapanga, kwenye pete ya magnesi inayoizunguka feni, waliweka mapezi yasiyozunguka ya kuinyoosha. Kutoka hapo hewa iliingia kwenye kava la faibaglasi lililolala juu ya silinda zote sita, zaidi ya lita 1,000 kila sekunde injini ikiwa mbioni. Rejeta ya oili ilipewa fungu lake pembeni, na hewa iliyopita hapo ilitoka zake bila kukabidhiwa silinda yoyote. Kosa la namba tatu lilikuwa limesahihishwa, miaka kadhaa kabla ya Volkswagen wenyewe kulisahihisha. Modeli ya S ilipewa kava jekundu, na hadi leo mnunuzi wa gari la zamani hufungua mfuniko wa nyuma na kutazama rangi hiyo kwanza.

Kisha ikaja 917. Ilionyeshwa Geneva Machi 1969: silinda 12, lita nne na nusu, nguvu zaidi ya 500, na hakuna maji. Kila mtu alijua kwamba nguvu za namna hiyo zinahitaji maji, isipokuwa Mezger na bosi wake Ferdinand Piëch. Krankishafti ya silinda 12 ni ndefu, na kitu kirefu kinachozungushwa hujisokota kwenye ncha zake. Mezger hakuchukua nguvu nchani kama kawaida. Aliichukua katikati, kwa gia, mahali ambapo shafti imetulia. Kutoka hapo hapo katikati akapandisha shafti ya feni. Kwa hiyo pangaboi kubwa lilikaa juu ya injini mahali panapostahili, silinda sita upande huu na sita upande huu, na kava la plastiki nyembamba likienea kama kitambaa cha meza juu ya zote. Sehemu kubwa zaidi ya hewa ilielekezwa kwenye vichwa kuliko kwenye silinda, kwa sababu huko ndiko valvu za moshi ziliko. Feni ilikula karibu nguvu 17. Ukilinganisha na nguvu zinazobaki, ni kama asilimia tatu, na mbadala wake ulikuwa kubeba rejeta, mabomba, pampu na ndoo kadhaa za maji kwa saa 24.

Juni 1970, chini ya mvua ya Le Mans, 917 ya rangi nyekundu na nyeupe ilivuka mstari ikiwa ya kwanza. Waliokuwa wakibadilishana usukani ni Richard Attwood na Hans Herrmann, yule yule aliyeinama chini ya kizuizi cha reli miaka 16 nyuma. Herrmann alistaafu siku hizo hizo. Mwaka 1973 injini hiyo, ikiwa imeongezwa hadi lita 5.4 na kufungwa tabo mbili, ilimpa Mark Donohue nguvu 1,100 katika mbio za Amerika Kaskazini, na bado ilikuwa ikipozwa na pangaboi lililolala juu yake. Sijui mfano mwingine wa injini ya gari inayofikia hapo kwa hewa.

Ungedhani kampuni iliyofika hapo isingekosea tena kwenye feni. Walikosea, tena kwenye gari la barabarani. Katikati ya miaka ya 1970, sheria za moshi za Marekani ziliwalazimisha kufunga vyumba vya kuunguzia moshi karibu kabisa na vichwa vya injini ya 911 ya lita 2.7. Vyumba hivyo vilikuwa tanuri. Kasha la injini lilikuwa la magnesi, laini kuliko alumini. Na mwaka 1976, wakati joto limezidi kuliko wakati wowote, feni ya mapanga 11 ikabadilishwa na ndogo zaidi ya mapanga matano, iliyozunguka kasi zaidi pamoja na altaneta yake. Altaneta ilifurahi. Silinda hazikufurahi. Bolti ndefu zinazoshikilia vichwa zikang'oa nyuzi zake kutoka kwenye magnesi, na injini zikaanza kuvuja na kupiga kelele zikiwa bado changa. Mafundi wa California na Arizona walijifunza haraka: chomoa vyumba vya moto, weka nyuzi za chuma kwenye kasha, rudisha feni ya mapanga 11. Kiwanda nacho, kilipotoa 911 SC mwaka 1978, kilitumia kasha la alumini na mapanga 11, na mwaka 1980 kipenyo kikarudi kuwa kile kile cha zamani. Ndoa ya feni na altaneta, iliyozaa balaa hilo, ilitengenezwa vizuri mwaka 1989 tu, kwa 911 ya kizazi cha 964: bado zilikaa pamoja kwenye kitovu kimoja, lakini kila moja ikiwa na mkanda wake na kasi yake.

Upande wa Safari, 911 haikuchomwa na joto. Mwaka 1974 Björn Waldegård alikuwa wa pili, na mwaka 1978 Vic Preston Junior, mwana wa yule mshindi wa 1954, naye alikuwa wa pili kwa 911 SC iliyonyanyuliwa juu. Iliyowaangusha ni miguu ya gari, si injini: mawe, mashimo, suspenshini. Waldegård alirudi na 911 kwenye Safari ya magari ya zamani mwaka 2011, akiwa na mwanawe Mathias kama msomaji ramani, na hatimaye akashinda.

Mwaka huo huo wa 1978 ndipo hewa iliposhindwa rasmi kwenye mbio. Injini za silinda sita za tabo zilikuwa zinahitaji valvu nne kwa kila silinda ili zipumue. Valvu nne na njia zake huujaza mgongo wa kichwa kiasi kwamba pale katikati, kati ya matundu mawili ya moshi, hapabaki nafasi ya upepo kupita. Kava zuri kiasi gani halisaidii pasipo na njia ya kuelekeza upepo. Kwa hiyo gari la 935/78 lilipewa vichwa vinavyopozwa kwa maji, vikachomelewa moja kwa moja juu ya silinda zilizobaki kupozwa kwa hewa. Mkuu wa kampuni aliyekuwa madarakani wakati huo alikuwa Ernst Fuhrmann, mwenye feni mbili za mgongo kwa mgongo. Yeye ndiye aliyefungulia maji.

Barabarani hewa iliendelea miaka 20 zaidi. Machi 1998 911 ya mwisho ya hewa, kizazi cha 993, ilitoka Zuffenhausen, na mrithi wake alikuwa na rejeta kama gari lolote. Tangu hapo kazi ya kuboresha kava imehamia kwenye karakana za watu binafsi. Wanachofanya sasa kinaweza kupimwa kwa namna ambayo Reimspiess asingeota: waya wa kupimia joto huwekwa chini ya kila plagi, matundu madogo hutobolewa kwenye kava ili kupima shinikizo la hewa hapa na pale, na umbo la ndani huchorwa kwenye kompyuta kabla kipande cha kaboni hakijaundwa. Mara nyingi kinachogunduliwa ni kidogo: ukingo mmoja uliopinda vibaya, mwanya wa upana wa kidole unaovujisha hewa pembeni ya kichwa. Ukiuziba, silinda iliyokuwa na homa hushuka hadi joto la wenzake, na feni haijaongezewa hata panga moja.

Mwaka 2017 kampuni ya Singer ya California, inayounda upya 911 za zamani, pamoja na wahandisi wa Williams wa Uingereza, ilitangaza injini ya 911 ya lita nne, nguvu 500, inayopozwa kwa hewa na yenye valvu nne kwa kila silinda. Mshauri waliyemwita kuhusu injini hiyo alikuwa na umri wa miaka zaidi ya 85, alikuwa amestaafu, na aliishi Ujerumani. Hans Mezger alikubali.